Kitambaa cha Aliye Mbali

Nyumbani, 9 Februari

Mdogo wangu Kifundo,

Salamu kwanza, ugomvi utafuata. Hujambo? Kazi haijambo? Sisi huku hatujambo, na nikisema sisi nina maana ya mimi, kuku watatu na pipa la mama la kutia nguo bluu. Kuku walikuwa wanne. Mmoja alijifanya anaijua barabara kuliko lori, na jioni yake nilimla kwa huzuni.

Paa la jikoni nimelitengeneza. Nilipanda mwenyewe, na Mama Redio akasimama chini akinielekeza tangu msumari wa kwanza mpaka wa mwisho. Unamjua jirani yetu, hahitaji umeme wala betri, anatangaza tangu alfajiri. Anakusalimu na anauliza kama umeoa. Nimemwambia atafute swali jingine. Mwezi uliopita nilishikwa na homa, imekwisha, usiulize.

Sasa ugomvi. Kitambaa chako kiko wapi? Mwaka jana kilichelewa nikanyamaza, nikasema ni posta. Mwaka huu majani ya nili nimeshayakata, nimeyaloweka, nimeyapiga kwenye maji mpaka mikono ikafa ganzi, na madonge yamekauka darini, lakini kitambaa chako cha shingoni bado hakijaonekana. Wewe unajua kwetu jambo hili si mchezo. Anayeondoka anapewa kitambaa kilichochovywa mara moja tu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Kila mwaka anakirudisha, tunakichovya tena, kinamrudia kimekoza kidogo. Kitambaa cha mtu kikikaribia weusi, tunajua amekaa mbali sana na bado ni wetu. Cha baba kilifika rangi ya anga la asubuhi kikaishia hapo. Mama alikuwa anakwenda posta na kurudi mikono mitupu, mwaka hata mwaka, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshikwa mkono. Ile njia sitaki kuirudia, tena peke yangu.

Basi kitume. Usikifue, nitakifua mwenyewe, wewe na sabuni hamjawahi kuelewana.

Pipa halijambo. Linakula pumba zake, linakunywa maji yake ya majivu, na povu la chachu limesimama. Linakusalimu pia.

Dada yako


Huku niliko, 20 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu kiti chetu kimoja kilikuwa kimekaliwa na Fundi Zipu. Huyu ndiye ninayeishi naye chumba kimoja sasa. Kiwandani anashona zipu tangu asubuhi hadi jioni, na suruali yake mwenyewe imefungwa kwa pini. Ni mtu mwema. Anakoroma, lakini kwa adabu.

Wape pole kuku waliobaki na kumbukumbu. Mwambie Mama Redio sijaoa, na kama ana mtu asinitangazie.

Unajua kazi yangu ila nadhani huiamini. Suruali za jinzi zinatufikia mpya kabisa, bluu nzito ya kupendeza. Sisi tunazichubua. Mapajani tunapitisha msasa, magotini tunapuliza mchanga kwa bomba, mpaka zionekane zimevaliwa miaka mingi na mtu aliyehangaika. Wanaozinunua ni watu ambao hawajahangaika. Mama alimaliza umri wake akiitia bluu kwenye nguo, na mimi mwanawe nalipwa kuitoa. Nikikutana naye huko aliko nitajificha nyuma ya mlango.

Lakini nina habari njema. Msimamizi amenitoa kwenye bomba la mchanga. Sasa nabandika lebo, kazi ya kukaa kwenye stuli kama karani. Ni kwa sababu mimi ni mkongwe hapa, wanatuheshimu.

Kitambaa hiki hapa. Shingo yangu bado inageuka bluu nikitoka jasho, na huku hakuna anayelijua jina langu, wote wananiita Shingo Bluu. Mwanzoni walinicheka. Siku hizi ni jina tu. Na lile donge la nili mama alilonifungia kwenye soksi siku naondoka, bado ninalo. Fundi Zipu alidhani ni jiwe la kusugulia visigino, kidogo tu alitumie.

Mwaka huu sitaweza kuja. Mwakani, Mungu akipenda. Nasema hivyo kila mwaka, najua, huna haja ya kunikumbusha.

Mdogo wako,
Kifundo


Nyumbani, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima. Mvua zimekuja kwa fujo, mmea wa nili nyuma ya nyumba umechipua tena mpaka unaingia dirishani, na paa langu halivuji isipokuwa pale Mama Redio aliponielekeza.

Kitambaa kimefika. Nimekaa nacho siku kadhaa kabla sijakuandikia, na hata sasa sijui nianzie wapi.

Kwenye pindo kulikuwa na mchanga. Nilikung'uta, ukatoka, nikakung'uta tena, ukatoka. Mchanga laini, unakaribia unga. Halafu katikati, pale ambapo kitambaa kikifungwa usoni kinakaa mdomoni na si shingoni, kuna doa la rangi ya kutu. Mama Redio alikuwa amekuja kuazima kinu. Alikishika kitambaa akakisogeza puani akasema, "Mbona kitambaa cha mtoto kinanuka dawa ya kifua?"

Mimi sijakuuliza kitu. Nimekuambia tu jirani alivyosema.

Lakini nimekuwa nikifikiri juu ya stuli hiyo unayokalia. Tangu utoto wako hujawahi kukaa mahali. Ulikuwa unafunga nguo mafundo kabla hazijaingia kwenye pipa, na kufunga kwenyewe ulikuwa unafungia mbio, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Mtu wa namna hiyo hapewi stuli kwa heshima.

Kitambaa nitakurudishia kikiwa tayari. Usiniharakishe.

Dada yako


Huku niliko, 18 Mei

Dada,

Shikamoo, maana naona umeandika kama mama na si kama dada.

Sisi hatujambo. Fundi Zipu amepata zipu nzima ya suruali yake, tulisherehekea kwa chai. Kwenye dirisha letu panaonekana ukuta wa jengo la jirani, na wiki hii wameupaka rangi upya, kwa hiyo tumepata mandhari mapya bila kuhama.

Kuhusu kitambaa, mchanga ni wa sakafuni tu, upo kila mahali, hata kwenye chai. Na doa ni la kutu kweli, nilikianika kwenye waya wa zamani. Dawa ya kifua ni ya Fundi Zipu. Mafua yake na koromo lake ni ndugu.

Sasa na mimi sikuulizi kitu, nasema tu nilivyosoma. Umeandika kwamba Mama Redio ndiye aliyenusa. Ulikaa na kitambaa changu siku kadhaa, Dada. Wewe ambaye mama alikuwa anakuita umnusie pipa hata ukiwa unakula. Wewe uliyejua kwa kuninusa tu kama nimetoka shule au nimepitia mtoni. Inakuwaje harufu ya dawa ya kifua ikupite wewe impate Mama Redio, ambaye hajui kama ugali wake umeungua?

Unakumbuka mtihani wa mama? Kila asubuhi anafunua kifuniko, anatupanga mstari, anauliza: linanuka nini leo? Likiwa na afya ni zizi la mbuzi na asali. Likiwa na njaa ni chuma kilicholowa. Likizidishiwa majivu halinuki kitu, linachoma tu ndani ya pua. Mimi nilikuwa nakosea makusudi nipate kufukuzwa nikacheze. Wewe hukukosea hata mara moja. Alisema macho huchelewa, ukiona rangi ya pipa imebadilika ujue umeshaachwa nyuma.

Basi niandikie. Leo linanuka nini?

Kifundo


Nyumbani, 25 Juni

Mdogo wangu,

Natumai hujambo. Sisi salama.

Kitambaa nimekitia ndani ya barua hii. Kimekoza vizuri, utaona. Kabla ya kukivaa kifue kwa maji ya chumvi.

Pipa linanuka kama kawaida yake.

Kazi ni nyingi, nitaandika kwa urefu siku nyingine.

Dada yako


Huku niliko, 20 Julai

Dada yangu,

Kitambaa nimekipokea, ahsante. Nilifanya ulivyosema, nikakifua kwa chumvi, nikakivaa. Tangu lini kitambaa chetu kikafuliwa kwa chumvi?

Nimekivaa wiki nzima kazini, na joto la ndani ya kile kiwanda nimeshakusimulia. Nimetoka jasho mpaka shati limeshika mgongoni. Shingo yangu safi. Wenzangu wamegundua kabla yangu, wananiuliza Shingo Bluu amehamia wapi. Nikawaambia ameoga.

Halafu nilifanya kitu ambacho sikutaka kukifanya. Nilichukua kipande cha msasa, kile kile cha kazini, nikakaa kitandani nikachubua pembe ya kitambaa. Unajua kazi yangu yote inategemea jambo moja: nili haiingii ndani ya uzi. Inakaa juu juu, na katikati uzi unabaki mweupe. Ukichubua, weupe unatoka, na ndio huo watu wanaoulipia. Nimechubua pembe ile mpaka imetoboka. Weupe sikuuona. Uzi ni bluu mpaka moyoni.

Hiyo ni rangi ya paketi, Dada. Inauzwa dukani karibu na viberiti.

Sijakasirika. Au nilikasirika, Fundi Zipu akatoka nje kunipisha, kisha ikaniishia. Kilichobaki ni woga. Mtu kama wewe hawezi kuchovya kitambaa changu kwenye rangi ya dukani isipokuwa limetokea jambo ambalo hulisemi. Na kwa kuwa najua hutaanza wewe, naanza mimi.

Dawa ya kifua ni yangu. Doa si la kutu. Niliondolewa kwenye bomba la mchanga kwa sababu nilianguka mbele ya mashine, na msimamizi hakutaka nianguke tena mahali pale, basi. Daktari aliinua picha ya kifua changu kwenye mwanga akanionyesha madoadoa, akasema ule mchanga uliokwisha kuingia hautoki. Alisema niache vumbi, tutunze kilichobaki. Kilichobaki kinatosha kukaa, kula, kutembea polepole na kucheka kidogo. Kwenye ngazi za chumbani kwetu nasimama katikati, najifanya nafunga kamba za viatu. Fundi Zipu naye anasimama kunisubiri, anavilaumu viatu. Hajawahi kutaja kitu kingine.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungefunika pipa, ungepanda basi, ungekuja kukaa kwenye kile kiti kimoja kuniuguza, na pipa lisilonuswa kila asubuhi linakufa. Nilisema afadhali mimi nikohoe huku, na huko nyumbani pabaki kitu kinachopumua vizuri.

Sasa sema wewe.

Kifundo


Nyumbani, 29 Agosti

Kifundo, mdogo wangu,

Salamu za leo ni fupi. Kuku wamebaki wale wale. Nimelia siku nyingi, sasa nimenawa uso nakuandikia.

Pipa limekufa.

Ile homa ya mwanzoni mwa mwaka ilipoondoka iliondoka na pua yangu. Nilidhani ni mafua, nikangoja. Chakula kikawa kama kutafuna karatasi, chumvi na sukari navitofautisha kwa kuangalia mkebe. Siku moja nilifunua kifuniko, nikainama kama ninavyoinama kila siku, nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nilikuwa nimeinamia maji.

Ningekuandikia siku ile. Badala yake nilimwita Mama Redio. Nilimwomba aje kila asubuhi aninusie, anitajie tu harufu, kazi ya kupima nitafanya mimi. Na alikuja, siwezi kumsema, hakukosa hata siku ya mvua. Lakini mwanamke yule amekaa jirani nasi maisha yake yote akilichukia lile pipa, na kila asubuhi jibu lake lilikuwa moja.

"Linanuka."

"Linanukaje?"

"Vibaya."

"Vibaya vipi, jirani?"

"Vibaya sana, Mungu anisamehe."

Nikawa naongeza maji ya majivu kwa kubahatisha. Asubuhi moja akainama akainuka na tabasamu. "Leo afadhali," akasema, "halinuki sana." Nilifurahi kama mjinga. Nilisema limetulia, nikaliongezea majivu kidogo liendelee kutulia. Kesho yake akasema halinuki kabisa, akanishika mkono akanipongeza. Alidhani nimeliponya. Nilipotazama rangi, kijani kilikuwa kimekwisha kwenye maji. Macho yalichelewa, kama mama alivyosema.

Nimejaribu kuanzisha jingine. Madonge ninayo, majani ninayo, kila kitu ninacho ila pua. Kila ndoo imeoza. Lile la zamani nililimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, na mmea wa nili umestawi pale kuliko mahali popote, ndio huo unaoingia dirishani. Nauona na unanikera.

Unataka kujua kwa nini nilikwenda dukani kununua paketi. Kwa sababu nilijiuliza utarudi kwa ajili ya nini. Mama hayupo. Baba hayupo. Kwangu unaandika mwakani, mwakani. Kitambaa ndicho kilikuwa kinakuvuta, na nikasema akijua hakuna tena mahali pa kukichovya, ataacha kukituma. Nilichovya ile paketi mlango umefungwa. Kilitoka bluu moja kwa moja, hakikupita kwenye kijani kwanza kama cha pipa, hakikubadilika hewani. Nilikaa nakitazama nikaona aibu.

Nikuambie jinsi siku zangu zilivyo, kwa kuwa tunasemezana. Naamka, naenda kwenye pipa kabla sijakumbuka. Nafunua, naona ubao wa chini. Nafunika tena vizuri kabisa, sijui nalinda nini. Halafu nakaa. Siku ni ndefu mno, Kifundo. Zamani nililalamika kwamba pipa halinipi nafasi ya kwenda popote. Sasa nina nafasi na sina pa kwenda.

Mama alikuwa anasema kitu chochote kikikaa mbali sana hugeuka bluu. Mlima ukiwa karibu ni mawe na nyasi, ukiwa mbali ni bluu, na ndiyo sababu aliyeondoka anavaa rangi ile. Hakusema habari za anayebaki. Nimekaa nikafikiri kwamba ukitazama kutoka huko uliko, mimi ndiye niliye mbali.

Sitaki urudi kwa kunihurumia. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili nikaifuta mara mbili, kwa hiyo iache. Njoo. Hata kwa huruma, njoo.

Dada yako


Nyumbani, 10 Oktoba

Kifundo,

Hujanijibu. Wiki zimepita na nimekwenda posta kila siku ya soko, na karani wa pale ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani, ili kunipunguzia njia.

Kama ni hasira, kasirika kwa maandishi. Kama ni kifua, mwambie Fundi Zipu aniandikie mstari mmoja. Kama ni jambo jingine, tuma kitambaa peke yake bila barua. Hata chenye rangi ya dukani. Hata kilichotoboka. Nitaelewa kwamba upo.

Dada yako


Huku niliko, 6 Novemba

Dada yangu,

Najua umeipapasa bahasha hii kabla ya kuifungua, na hukukuta kitambaa ndani. Kaa chini. Soma mpaka mwisho, ndipo ulie ukitaka.

Nisamehe kwa kimya. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na ndoo.

Ile barua yako ya pili kutoka mwisho niliisoma kwenye ngazi, pale katikati ninapofungia kamba, na nilikaa pale pale muda mrefu mpaka Fundi Zipu akashuka kunitafuta. Tulipofika juu nililitoa donge la mama kwenye soksi. Nilinunua ndoo yenye kifuniko na pumba kidogo na sukari guru. Majivu ya kuni nilimwomba muuza chai wa kona. Alinitazama sana, akanipa. Nusu ya donge nikaisaga kwa chupa.

Sikukuandikia kwa sababu sikutaka kukupa tumaini halafu nilinyang'anye. Na vizuri sikuandika, kwa kuwa ndoo ya kwanza iliharibika. Niliijua asubuhi hiyo hiyo, ilikuwa chuma kilicholowa, nikailisha, nikachelewa. Dada, mimi niliyekuwa nakosea makusudi, sasa nilikuwa nataka kupatia na sijui. Nilibaki na nusu ya donge. Niliianza ya pili nikiwa na woga ambao sijawahi kuusikia mbele ya bomba la mchanga.

Kukoroga siwezi, pumzi haitoshi. Fundi Zipu anakoroga. Mimi nakaa kwenye kiti nanusa, kisha namwambia aongeze nini. Mwenye nyumba amekuja mara kadhaa kutafuta panya aliyekufa. Ametazama chini ya vitanda vyote viwili, na Fundi Zipu akamsaidia kutafuta, akiwa amekalia ndoo. Majirani wamefungua madirisha yao, kisha wakayafunga.

Asubuhi moja nilifunua kifuniko nikainama. Zizi la mbuzi. Nikangoja. Halafu ikaja ile asali, kwa mbali, nyuma kabisa. Nililia mpaka nikakohoa, na Fundi Zipu akakimbia kuleta maji akidhani ndoo imenidhuru.

Si pipa la mama. Hilo limekwenda na halirudi, na sitaki kukudanganya. Hili ni jingine, changa, lina kiburi, ukilichelewesha chakula linanuna. Lakini nilikitumbukiza kitambaa changu ndani yake, kile kile cha paketi chenye pembe iliyotoboka, na kilitoka kijani. Tulisimama sote wawili tukakitazama kikigeuka hewani. Fundi Zipu hajawahi kuona kitu kile. Alivua kofia.

Kazi nimeacha. Daktari amesema kile kile alichosema mwanzo: kifua hakitapona, kitatunzwa. Usitarajie yule aliyekuwa anafunga mafundo akikimbia. Anakuja mtu anayepumzika kati ya chumba na chumba. Lakini pua ninayo, nzima kabisa, haijaguswa. Na mikono unayo wewe. Mimi nitakaa kwenye kiti mlangoni kwa pipa na kusema lina njaa au limeshiba, wewe utakoroga na kunigombeza. Mama Redio tutampumzisha, amefanya kazi asiyoipenda kwa uaminifu, mwambie nimesema ahsante.

Ndoo nimeihamishia kwenye dumu lenye mdomo mpana. Jambo hili posta hawalipokei, nimeuliza, walinisogeza mlangoni kabla sijamaliza swali. Linatakiwa kupakatwa. Linahitaji mtu wa kulifungua kidogo njiani, kulinusa na kulifunga. Kwa hiyo ninalileta mwenyewe, na abiria watakaokaa karibu nami nawaombea subira. Fundi Zipu ananisindikiza mpaka kwenye kiti cha basi. Amenishonea zipu kwenye mfuko wa dumu, zawadi ya kuagana, na amebaki na kile kiti chetu chote kwake. Aliniambia chumba kitakuwa na harufu nzuri sasa, kisha akageuka akatazama ukuta wa jirani.

Mlango wa nyuma uuache bila komeo, nitaingilia huko, sitaki mtaa mzima uninuse kabla yako. Na ule mmea usiukate, hata kama umeingia ndani.

Kitambaa ninacho shingoni. Mwaka huu sikitumi. Jana nilitoka jasho nikifunga mizigo, na Fundi Zipu akaniletea kioo nijitazame: shingo ni bluu mpaka masikioni.

Basi posta usiende tena, Dada. Kaa nyumbani.

Kifundo